Pua ya Tanuri

Barua ya kiwanda ilikuwa na mistari sita, na mstari wa nne ulisema mdogo wangu alikuwa amelewa. Msimamizi wetu alinipa niisome kabla ya kuipeleka kwa mama. Tulikuwa kwenye chumba cha chai, mimi na yeye tu, vikombe havijaoshwa, na chini ya barua palikuwa na nafasi ya sahihi ya mtu aliyeshuhudia ajali. Mtu huyo ni mimi.

"Soma vizuri," akasema. "Kesho saa nne asubuhi tunaenda. Mama yako na mjane wanasomewa, wanatia sahihi kwamba wamesomewa, basi, tunafunga."

"Hakuwa amelewa."

"Najua."

"Ana miaka miwili hajaonja hata tone."

"Najua, Pua, nimekwambia najua." Akausukuma mlango kwa kisigino ukafungika. "Sasa niandike nini? Nikiandika alishuka na akili zake timamu, watauliza nani alimwambia ashuke. Unataka waulize hivyo?"

Nani alimwambia ashuke? Nilimwambia mimi. Afadhali niliseme mapema, maana wiki nzima nimelizunguka neno hilo kama kuku anayetafuta pa kutagia, na sasa nimechoka. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu, nilimwambia shuka, akashuka.

Pua ni jina langu la kazini, na miaka kumi na nne nimelivaa kwa maringo. Kazi yetu ni kuyavika mabomba ya chuma koti la kauri, mabomba yanayopitisha moshi wa asidi kwenye viwanda vya watu, ili yasiliwe na kutu. Mtu akisikia kauri anafikiria vikombe na masinki, udongo wa kufinyanga. Yetu haianzi na udongo hata kidogo. Inaanza na polima, kimiminika cha rangi ya chai nyepesi, kinachokuja kwenye makopo yaliyofungwa kabisa kwa sababu kikionja unyevu wa hewa kinaganda na kuharibika. Sisi tunakiita asali. Tunaichanganya na unga laini wa madini, tunachovya bomba, tunaliacha likauke, halafu tanurini. Huko moto unaivunjavunja ile plastiki, nusu inatoka ikiwa gesi, na inayobaki inang'ang'ania chuma ikiwa kauri nyeusi, ngumu, isiyojali asidi wala nini.

Lakini inasinyaa vibaya ikiokwa. Ukipaka nene kwa uvivu, inapasuka kama matope ya kiangazi na unatupa bomba zima. Kwa hiyo unapaka nyembamba, unaoka, unapaka tena, unaoka tena, mara tatu kila bomba. Haraka haraka haina baraka, na kwa asali haina hata bomba.

Tanuri letu ni la shimo. Limechimbwa katikati ya sakafu, kina chake watu wawili mmoja kasimama juu ya mabega ya mwenzake, na mabomba yananing'inizwa kwenye fremu inayoshushwa kwa winchi. Kifuniko kikifungwa, tunapeleka gesi ndani kuitoa hewa, maana hewa ikibaki, asali inaungua na kuwa jivu badala ya kauri. Moto unapanda polepole. Ukifika mahali fulani, polima inaanza kutema amonia. Wee! Inachoma macho, inachoma koo, unatamani kuivua pua uiweke mfukoni.

Hapo ndipo nilipopatia jina. Vipimo vyetu vya zamani vilikuwa vibovu, na mimi nilikuwa nasimama kando ya bomba la kutolea moshi nasema: inaanza. Inapanda. Imefika kileleni. Imekwisha. Msimamizi anaandika kwa kauli yangu, na kauri inatoka haina ufa. Siku moja nilisema kopo fulani la asali limeharibika kabla halijafunguliwa, lilipofunguliwa likawa gumu kama jiwe. Tangu hapo wageni wakija wanaletwa kuniona. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa ananitania kuwa nikienda kwake anafungua madirisha yote, nisije nikajua jana kaunguza nini.

Na ni wifi huyohuyo aliyenipa kazi ya pili ya kunusa. Mdogo wangu alikuwa mlevi. Silifichi hilo, mtaa mzima ulilijua. Wifi alimpigania miaka na miaka, akamwaga chupa, akamfungia mlango, akamrudia, akamfungia tena. Alipoapa kuacha, wifi hakumwamini yeye wala kiapo chake. Aliniamini mimi. "Mnafanya kazi pamoja," akaniambia. "Kila asubuhi mnuse. Kisha uniambie ukweli, usimpendelee kwa kuwa ni nduguyo."

Basi kila asubuhi, kabla hajagusa winchi yake, mdogo wangu alikuwa anakuja, ananiinamia, ananipulizia usoni, haaa! Mimi nasema, "Safi." Miezi ya kwanza ilikuwa mtihani wa kweli, mikono yake ilikuwa inatetemeka. Baadaye ikawa mchezo wetu, hata siku ambazo wifi alishaacha kuuliza. Miaka miwili sikukosa kusema safi hata siku moja, na sikudanganya.

Tanuri nalo lilikuwa na safi yake. Baada ya kuoka, likishapoa, tunafungua kifuniko na amonia iliyojificha ukutani inapanda juu. Kila mtu anarudi nyuma. Mimi nasogea ukingoni, nainama, navuta pumzi, nasubiri, navuta tena. Ikiisha nasema safi, na kama kuna sababu ya mtu kushuka, anashuka. Harufu ikiisha, shuka. Hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa hivyo, lakini ndiyo ilikuwa sheria, na kwa miaka kumi na nne haikumdhuru mtu.

Miaka yote hiyo gesi yetu ilikuwa nitrojeni. Miezi miwili iliyopita mkemia wa kiwanda akaleta polima mpya, na kauri yake kweli ilikuwa nzuri, laini kama yai. Ila ilitaka moto mkali zaidi, na kwenye moto huo nitrojeni inaingia ndani ya kauri na kuiharibu. Kwa hiyo tukahamia gesi nyingine, agoni.

Mkemia alitukusanya wote ukingoni mwa tanuri. Mwacheni mkemia wa watu, alisema kila kitu. Alisema agoni haina rangi wala harufu. Alisema haina sumu, lakini palipo na agoni tupu hakuna hewa ya kuvuta, na mtu anaanguka kabla hajajua kuna tatizo. Alisema nitrojeni ilikuwa inachanganyika na hewa na kuondoka, lakini hii ni nzito kuliko hewa, inakaa shimoni kama maji kisimani, hata kifuniko kikiwa wazi. Kisha akatoa kidude cha njano, kikubwa kama kiganja, akakitundika kwenye msumari karibu na ngazi. Kinapima hewa. "Ukitaka kushuka, kishushe kwanza kwa kamba," akasema. "Kikilia, asishuke mtu."

Na mimi, mbele ya watu wote, nikasema, "Mkemia, kati yangu mimi na kidude hicho, nani ana miaka kumi na nne hapa?"

Walicheka. Mdogo wangu ndiye aliyecheka kuliko wote, akapiga makofi kabisa. Mkemia naye akatabasamu, maana ni mtu mpole, lakini akarudia, "Haina harufu, dada. Hutainusa." Nikamwambia kila kitu kina harufu, ni pua tu zinazotofautiana. Watu wakacheka tena.

Kidude kilikuwa na kelele. Kila tukiinua kifuniko, agoni kidogo inamwagika ukingoni, nacho kinalia pii, pii, pii, na hakuna hata mtu anayetaka kushuka. Asubuhi pii, mchana pii. Kilinikera kuliko ninavyoweza kueleza. Kisha Jumatatu moja saa ya ukutani ya chumba cha chai ikasimama. Nikaenda pale msumarini, nikafungua mgongo wa kidude, nikatoa betri mbili, nikazitia kwenye saa. Saa ikafufuka, kidude kikanyamaza, nikaua ndege wawili kwa jiwe moja. Msimamizi aliniona. "Utazirudisha, eh?" akasema. Nikasema nitazirudisha.

Mdogo wangu hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amempeleka mtoto wake zahanati.

Siku yenyewe ilikuwa kesho yake, Jumanne. Asubuhi alikuja kama kawaida, akanipulizia, haaa. Dawa ya meno na chai. Nikasema safi. Saa nne na robo tulifungua tanuri. Amonia ilikuwa kidogo tu, ile polima mpya haitoi nyingi. Mdogo wangu akapandisha fremu kwa winchi. Ilitakiwa kuja na mabomba sita, ikaja na matano. La sita kulabu yake ilikuwa imeteleza, lilikuwa limelala chini kabisa, unaliona likimeta.

Lilikuwa limeshapata moto wa tatu. Kazi ya wiki mbili. Tungeweza kulivua kwa kamba na kitanzi, ingetuchukua saa nzima, tukilikwaruza tunaanza upya. Mtu akishuka ngazi, dakika mbili.

Mdogo wangu akaja ukingoni akajifuta mikono. "Vipi, Pua?"

Nikainama. Nikavuta. Nikasubiri. Nikavuta tena. Hakukuwa na kitu, hata ule mwasho mdogo wa mwisho haukuwepo. Sijawahi kunusa shimo lililo safi namna ile.

"Safi," nikasema. "Shuka."

Akatazama msumari. Kidude kilikuwa pale pale, kimya. Akacheka. "Leo hata mwenzako amekubali," akasema, akageuka, akaweka mguu kwenye ngazi.

Sasa hapa nisijipake mafuta. Ningeweza kusema nilisahau zile betri, na nani angenibishia? Sikusahau. Aliposema vile nilikumbuka, nikaona kabisa saa ya chumba cha chai kwenye macho yangu, na nikafikiri, ah, aseme anavyotaka, mimi nimeshanusa. Nilifikiri hivyo. Neno moja tu lingetosha, na nililimeza kwa sababu ya maringo.

Alishuka vizuri. Alifika chini, akainama, akaweka mkono kwenye bomba. Halafu akakaa. Hakukohoa, hakupiga kelele, hakushika koo. Alikaa taratibu kwenye sakafu ya tanuri, mgongo ukutani, na kichwa kikalala begani. Nikamwita. Nikadhani ananitania, maana alikuwa mtu wa utani sana. Nikamwita jina lake la utotoni, ambalo hapendi nilitaje mbele ya watu. Hakugeuka.

Nilikuwa nimeshashuka vidato viwili msimamizi aliponikamata mkanda wa ovaroli. Alinivuta juu, akanitupa sakafuni, akanikalia. Nilimng'ata mkono. Hakuniachia. "Ukishuka tunatoa wawili!" alikuwa anapiga kelele. "Wawili, Pua! Wawili!" Wengine walileta mpira wa kupulizia hewa, wakaushusha, wakashusha kulabu ya winchi, wakakosa, wakajaribu tena. Mkemia alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni. Walipoinasa ovaroli yake na kumtoa, zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Nazijua kwa sababu pale nilipokaliwa, mlango wa chumba cha chai ulikuwa wazi, na saa ya ukutani ilikuwa inaonekana, inatembea vizuri kabisa.

Hiyo ndiyo ajali ambayo msimamizi alitaka kuiandika kwa mistari sita.

"Nisikilize," akaniambia, na jeraha la meno yangu lilikuwa bado limefungwa bandeji mkononi mwake. "Alipofika chini aliyumba, sote tulimwona. Alikuwa na historia ya pombe, mtaa mzima unajua. Nimeandika hivyo. Kidude nimeandika kilikuwa kibovu. Nikiandika ukweli, wa kwanza kwenda ndani ni wewe. Mama yako azike mmoja, amtembelee mwingine gerezani? Hayo ndiyo unayoyataka?"

"Na wewe uliona nikitoa betri."

"Na mimi niliona. Sikatai. Wa pili ni mimi." Akafuta uso. "Aliyekufa haumii tena, Pua. Tunaoumia ni sisi."

Alikuwa ameniokoa. Wiki moja kabla, mikono ileile ilinivuta kutoka kwenye ngazi ya shimo, na sasa ilikuwa inanipa kalamu. Nilifikiria jela. Nilifikiria mama. Nisidanganye, nilifikiria jela zaidi. Nikatia sahihi.

Kesho yake saa nne tulikuwa sebuleni kwa mama. Mama alikaa kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, mimi kando yake, wifi kwenye kochi na mtoto mdogo amelala mapajani. Yule mkubwa alikuwa shule. Wifi alikuwa amekonda kwa wiki moja kama mtu aliyeugua mwezi. Aliniita nikae karibu naye, nikasema hapa panatosha.

Msimamizi alisimama akasoma. Alisoma vizuri, kwa heshima, sauti ya chini. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliposoma wa nne aliuharakisha kidogo.

"Rudia," wifi akasema.

"Shemeji, tumalize kwanza..."

"Rudia hapo hapo."

Akarudia. Uchunguzi umeonyesha kuwa marehemu alikuwa katika hali ya ulevi na aliingia ndani ya tanuri bila kuruhusiwa. Mama alitoa sauti ndogo, si kilio, akaweka mkono mdomoni. Niliona kwamba ameamini. Miaka yote aliyolala macho wazi akimsubiri yule mtoto arudi na kuyumba kwake, ilimrudia pale pale usoni.

Wifi hakulia. Alimhamisha mtoto kutoka mapajani, akamlaza kwenye kochi, akasimama.

"Nani kasema hivyo?"

"Kuna shahidi," msimamizi akasema. "Ametia sahihi."

"Shahidi gani?"

Msimamizi hakunitazama. Hakuhitaji. Wifi alimnyang'anya barua, akatafuta chini, akaona mwandiko wangu. Aliutazama muda mrefu. Halafu akacheka, kicheko kikavu, cha mtu anayedhani amekosea kusoma.

"Wifi," akasema, "asubuhi ile alikupulizia?"

Nikageuzia macho dirishani.

"Nakuuliza. Kila asubuhi ya Mungu, miaka miwili, alikuwa anakupulizia usoni. Ulikuwa unaniambia safi, nami nalala. Siku ile alipuliza au hakupuliza?"

"Mama," msimamizi akamgeukia mama yangu, "haya ni mambo ya majonzi, pengine tungewaacha..."

"Wewe nyamaza!" wifi akasema. "Sijakuuliza wewe. Wewe huna pua." Akanisogelea, barua mkononi. "Wifi, mimi yule mtu nilimpigania. Ulikuwepo. Uliniona nikimvua viatu vilivyojaa matapishi, uliniona nikimfungia mlango na yeye analia nje kama mtoto, na mimi nalia ndani. Nikampata. Miaka miwili nimekaa na mume kama wanawake wenzangu. Ndiyo aliyoniachia, hiyo miaka miwili na hawa watoto. Kama alikunywa, sema alikunywa, nitakuamini, maana wewe hujawahi kunidanganya. Lakini kama hakunywa, usiniibie. Tafadhali. Usiniibie."

Nimewahi kusikia watu wakisema ukweli unauma. Nilikuwa nadhani unamuuma anayeambiwa.

"Alipuliza," nikasema.

"Alinuka nini?"

"Dawa ya meno. Na chai."

"Na pombe?"

"Hapana. Alikuwa safi."

Wifi akafumba macho. Mabega yake yakashuka. Kwa muda mfupi alikuwa na uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake, na ningetoa chochote tungeishia hapo. Lakini mama alikuwa ameshanigeukia.

"Sasa kwa nini umetia sahihi kwamba alilewa?" akauliza.

"Pua," msimamizi akasema polepole. "Fikiria."

Nilikuwa nimeshafikiria vya kutosha. "Kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ashuke, mama."

Nikawaeleza. Niliwaeleza gesi mpya, na mkemia alivyotuonya, na nilivyomjibu watu wakacheka. Nilieleza kidude, na msumari, na betri, na saa. Nilieleza mdogo wangu alivyosema mwenzako amekubali. Nilisema nilikumbuka na sikusema kitu. Sikulaumu mtu mwingine. Msimamizi alikuwa amekaa, viwiko magotini, anatazama sakafu.

Mtoto aligeuka kwenye kochi akaendelea kulala.

"Ulinusa?" mama akauliza.

"Nilinusa, mama. Mara mbili."

"Ikanuka nini?"

"Haikunuka kitu."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Kisha akanyanyuka, kwa shida, magoti yanamsumbua, akavuka sebule, akaenda kukaa kwenye kochi, kando ya wifi. Kiti chake cha dirishani kikabaki kitupu karibu yangu.

Wifi aliigeuza barua upande wa nyuma, akaiweka mezani mbele yangu, akachukua kalamu kutoka mfuko wa shati la msimamizi bila kumwomba. "Andika," akasema. "Uliyoyasema. Yote."

Niliandika. Msimamizi alinitazama nikiandika na hakunizuia. "Umejimaliza," akasema, bila hasira. "Na mimi umenimaliza." Nikamwambia najua. Nilipomaliza nikatia sahihi ile ile. Wifi aliisoma mstari kwa mstari, midomo inacheza. Hakukunja karatasi. Alimpa msimamizi.

"Ipeleke hiyo," akamwambia. Halafu, bila kunitazama: "Na wewe toka."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anampapasa mtoto mgongoni. Nikachukua mkoba wangu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita, si kwa jina, bali kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo na nimekosa.

"We mtoto."

Nikageuka.

"Hizo betri bado ziko kwenye saa?"

"Ziko, mama."

"Kazitoe," akasema. "Kazitoe leo."

Kiwandani niliwakuta wenzangu kwenye chai. Nilivuta kiti, nikapanda, nikaishusha saa ukutani, nikatoa betri moja, nikatoa ya pili. Mmoja akauliza sasa watajuaje muda wa kurudi kazini. Nikashuka nikapita katikati yao hadi ukingoni mwa tanuri. Kidude cha njano kilikuwa bado kwenye msumari wake, hakuna aliyekigusa. Nikakifungua mgongo, nikazitia betri, nikakifunga. Kiliwaka taa, kikalia.

Mdogo wangu alikuwa ameacha glavu zake juu ya winchi. Nilizichukua, nikaziweka puani, nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote. Zilinuka grisi.

Nilikaa nazo pale, kidude mapajani, hadi polisi walipokuja kunichukua.